Kalamu Iliyopakwa Mafuta

Leo tunazungumza nanyi kutoka Siongiroi, katika nchi ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet. Huku kwetu watu huishi kwa mahindi na ng'ombe wa maziwa, na ukipanda kuelekea Kericho unakuta mashamba ya chai yametanda vilimani mpaka macho yachoke.

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapokaribia, wageni huongezeka katika nyumba ya mchungaji. Wengi ni watahiniwa. Jioni moja alikuja msichana wa kidato cha nne, akiletwa na kaka yake kwa pikipiki. Kaka hakuingia, alibaki langoni, mkono juu ya usukani. Msichana aliingia kwa adabu, akasalimu, akafungua mfuko wake na kupanga mezani kalamu tatu mpya, rula na mkebe wa jometri. Kisha akasema, "Mchungaji, naomba uniombee hizi."

Tulivitazama vitu vile tukakosa la kusema mara moja, maana tulikumbuka kalamu nyingine. Ndiyo sababu leo tunataka tuzungumze juu ya mambo ambayo wanafunzi huyafanya kabla ya mtihani: yale wanayoyaogopa, yale wanayoyashika mkononi, na yale wanayoyaita maombi. Tutapita katika historia kidogo, kisha tutarudi kwa msichana huyu, na kwa kaka yake aliyekuwa langoni.

Kwanza tuseme kweli: hofu ya mtihani si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Katika nchi ya China serikali iliwachagua maofisa wake kwa mitihani tangu zama za ufalme wa Sui, yapata miaka 1,400 iliyopita, mpaka desturi hiyo ilipofutwa mwaka 1905. Watahiniwa walifungiwa katika vyumba vidogo sana, kila mtu peke yake, kwa siku kadhaa, wakiandika, wakila na kulala humo humo. Waliofaulu walikuwa wachache, na wengine walirudi kufanya mtihani mpaka wakawa na mvi. Basi watu wakaanza kusimuliana kwamba usiku, katika vyumba vile, mizimu ya watu waliodhulumiwa huja kumtafuta mdhalimu wake, ikamchanganya akili ashindwe kuandika. Tena walikuwako miungu waliohesabiwa kuwa wasimamizi wa elimu na maandishi, nao walifukiziwa uvumba na wenye kutaka kufaulu.

Huko Japani alikuwako msomi mkubwa aliyeitwa Sugawara no Michizane. Alisingiziwa, akafukuzwa katika mji mkuu, akafa uhamishoni mwaka 903. Baadaye misiba ilipoiandama ikulu, watu walidhani roho yake imekasirika, wakamjengea mahali pa ibada ili kumtuliza. Leo hii wanafunzi wa Japani huenda katika mahekalu yake kabla ya mitihani, wakaandika haja zao juu ya vibao vidogo vya mbao na kuvitundika. Mtu aliyeshindwa na fitina za wakubwa amefanywa kuwa msaidizi wa wale wanaoogopa kushindwa.

Tusidhani Wazungu wamesalimika. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wanafunzi huingia mtihani wamevaa ua kifuani: jeupe kwa mtihani wa kwanza, la waridi kwa mitihani ya katikati, na jekundu kwa ule wa mwisho. Wengi huliona ni jambo la furaha tu, lakini mwambie mtahiniwa aliache ua lake nyumbani asubuhi ile, uone kama atakubali kwa moyo mweupe. Na ndugu zetu Wakatoliki humkumbuka Mtakatifu Yosefu wa Cupertino, mtawa wa Italia aliyezaliwa mwaka 1603 na kufa mwaka 1663. Masomo yalimwelemea sana, na inasimuliwa kwamba siku ya kutahiniwa aliulizwa lile jambo moja tu alilolijua vizuri. Kwa hiyo wanafunzi wengi wamemfanya rafiki yao. Ni nani kati yetu ambaye hakupata kutamani jambo hilo hilo, aulizwe lile moja analolijua?

Sasa turudi Afrika ya Mashariki. Kule pwani iko desturi ya zamani ya kombe: aya za Kurani huandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, na mwenye haja akayanywa maji yale. Wako pia wanaovaa hirizi. Katika miji yetu mingi ya bara, mtu hukuta vibao vya waganga vimepigiliwa kwenye nguzo za umeme, vikitaja mapenzi, kazi, kesi na mitihani, kana kwamba mambo hayo yote ni maradhi ya namna moja.

Na hapa kwa Wakipsigis je? Wazee wetu hawakuwa na mtihani wa karatasi, lakini walikuwa na safari za hatari. Vijana hawakutoka kwenda vitani bila ya idhini na baraka ya orgoiyot, kiongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai. Hata mtu aliyeshika safari ya kawaida aliweza kusimama njiani kusikiliza ndege analilia upande gani. Historia ya Talai yenyewe ina machungu. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwahamisha viongozi wao, akiwamo Kipchomber arap Koilegen, na mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuuondoa ukoo mzima na kuupeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, pamoja na wazee, wanawake na watoto. Wajukuu wao ni jirani zetu leo, na wengine ni washiriki wenzetu mezani pa Bwana. Hatuwataji ili kuwacheka wazee wao. Tunawataja ili tukumbuke kwamba mtu anayekwenda mahali asipopajua hutafuta neno la kumtangulia. Hiyo ndiyo haja ya binadamu, na haikuondoka siku tulipojenga shule.

Haikuondoka, kwa sababu shule nayo ilileta safari yake ya hatari. Kwa miaka mingi mtihani wa sekondari katika Kenya ulisimamiwa na Chuo Kikuu cha Cambridge. Hebu fikirini, ndugu wasikilizaji: kijana wa Kericho anaandika majibu yake, karatasi inavuka bahari, inasomwa na mtu asiyemjua, kisha baada ya miezi jibu linarudi kusema kama atakuwa karani ama atarudi kuchunga ng'ombe. Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki liliundwa mwaka 1967, na Baraza la Mitihani la Kenya mwaka 1980. Mtihani wa CPE ukapisha KCPE mwaka 1985, na KCSE ikafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. KCPE nayo imekwisha. Watoto wa mwisho waliifanya mwaka 2023. Majina yamebadilika mara nyingi, lakini mlango umebaki mwembamba, na anayesahihisha bado ni mtu tusiyemwona uso.

Mtaalamu mmoja, Bronislaw Malinowski, aliishi katika visiwa vya Trobriand, bahari ya Pasifiki, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Aliona jambo ambalo limesaidia watu wengi kuelewa mambo haya. Wavuvi wa visiwa vile walipovua ndani ya maji yaliyotulia, karibu na pwani, hawakutumia uganga wowote. Walitegemea ujuzi wao. Lakini walipokwenda bahari kuu, penye mawimbi na hatari, hawakutoka bila ya matendo na maneno ya uganga. Uganga ulianza pale ujuzi ulipokoma na hofu ilipoanza.

Jambo hilo sisi tunaliona katika chai. Hatujapata kumwona mama akifunga hirizi kwenye kikapu ili aweze kuchuma majani mawili na chipukizi. Kazi hiyo anaijua. Mikono yake inaiweza hata akiwa anazungumza na mwenzake. Lakini wingu jeusi likitanda mchana, na nchi ya Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe, watu huacha mazungumzo wakatazamana. Hapo hakuna ujuzi wa mikono unaosaidia. Mtihani ni wingu la namna hiyo. Mwanafunzi amesoma, ndiyo, lakini hajui swali litakuja lipi, wala hajui msahihishaji ameamkaje. Basi anatafuta kitu cha kushika.

Na sisi wachungaji tusijitoe katika habari hii. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia, tukijitayarisha kwa kazi ya Bwana, tuliyaona mambo haya kwa macho yetu, na mengine tuliyafanya. Mwenzetu mmoja alikuwa na sweta moja ya mitihani, haifuliwi mpaka karatasi ya mwisho imekwisha. Mwingine alilala na Agano Jipya la Kiyunani chini ya mto, ingawa mchana hakulifungua sana. Wako ambao hawakukubali kuazima kifutio asubuhi ya mtihani, wala kumpa mtu. Na wako waliofumba macho, wakafungua Biblia popote, wakaweka kidole, ili wapate neno la siku. Ndugu mmoja kidole chake kiliangukia orodha ya majina katika Mambo ya Nyakati, akashinda usiku akitafuta maana ya majina yale, badala ya kusoma historia ya Kanisa iliyokuwa ikimngoja asubuhi.

Kama angaliisoma historia ile, angalikuta habari yake imeandikwa humo. Yapata mwaka 400, Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia mtu mmoja jina lake Januario juu ya Wakristo waliokuwa wakifungua Injili ili kupiga bao. Alisema ni afadhali hivyo kuliko kuyaendea mapepo, lakini hakupendezwa kabisa kwamba maneno ya Mungu, yaliyotolewa kwa ajili ya uzima wa milele, yageuzwe kuwa chombo cha kutafutia mambo ya biashara na ya maisha haya. Na mwaka 506, maaskofu waliokutana Agde, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, walikataza jambo hilo na kuwaonya makasisi nao, maana makasisi walikuwa wakilifanya. Kwa hiyo ugonjwa huu si mgeni katika Kanisa. Umekuwamo tangu zamani, na mara nyingi umeletwa na sisi wenye kanzu.

Sasa tutawaeleza habari ya kalamu ile.

Ilikuwa mwaka 2014. Tulialikwa katika siku ya maombi ya shule moja ambayo jina lake tutaliacha. Wazazi walikuja wengi, wengine wakiwa wamebeba kuku na soda. Kwaya iliimba. Baada ya mahubiri, watahiniwa walipita mbele wakiwa wameshika kalamu zao, nasi tulikuwa na chupa ya mafuta. Hatukupanga jambo hilo. Mwalimu mmoja alilitaka, wazazi wakashangilia, nasi tukaona haya kukataa. Tulipaka kila kalamu mafuta, na kwa sauti kubwa tukatamka kwamba kalamu hizi hazitaandika kosa. Watu walisema amina mpaka mabati yakatetemeka. Tulirudi nyumbani tukiwa tumefurahi, na kuku mmoja tukapewa.

Mwaka uliofuata tulikutana barabarani na mmoja wa wavulana wale. Hakuwa akionekana kanisani. Tulimwuliza habari, naye akatuambia bila hasira, kama mtu anayesimulia habari ya mwingine. Alisema, "Mchungaji, ile kalamu uliyoipaka mafuta iliisha wino katikati ya karatasi ya hesabu. Msimamizi alinipa nyingine. Lakini mimi nilijua nimekwisha. Nilikaa tu."

Nilikaa tu. Wapenzi wasikilizaji, neno hilo limetufuata kwa miaka mingi. Kijana yule alikuwa amesoma. Hesabu alizijua. Kalamu ya pili ilikuwa mkononi mwake, na saa bado ilikuwako. Kilichomfunga mikono si shetani wa porini wala jirani mwenye husuda. Ni sisi. Tulikuwa tumemfundisha kwamba msaada wa Mungu umo ndani ya mrija wa wino, na wino ulipokwisha, kwake Mungu naye akawa amekwisha.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya nne, imo habari inayofanana na hiyo kabisa. Waisraeli walipigwa na Wafilisti, wakafa watu wapata elfu nne. Hawakujiuliza wameishije na Mungu wao. Walituma watu Shilo kulichukua Sanduku la Agano, ili likija kati yao liwaokoe na adui. Angalieni vizuri: walitumaini kwamba sanduku litawaokoa. Lilipofika kambini walipiga kelele hata nchi ikavuma. Nasi tunaijua kelele ile; tuliisikia chini ya mabati. Kisha wakaenda vitani, wakafa askari elfu thelathini, sanduku likatekwa, wana wa Eli wakauawa, na mzee Eli mwenyewe aliposikia akaanguka akafa. Sanduku lilikuwa takatifu kweli. Mungu ndiye aliyeamuru litengenezwe. Lakini kitu kitakatifu kikishikwa kama hirizi, hakiwi na nguvu zaidi ya hirizi.

Mwaka 2016 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Dakta Fred Matiang'i, alipiga marufuku siku za maombi na matembezi ya wazazi shuleni katika muhula wa tatu. Wengi wetu tulikasirika, tukasema serikali inapigana na Mungu. Lakini hebu tukumbuke yaliyotangulia. Katika KCSE ya mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa ajili ya udanganyifu, na mwezi wa Machi mwaka uliofuata bodi nzima ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Mwaka 2015 waliopata alama ya A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, ulinzi ulipokazwa, walikuwa 141. Serikali iliona kwamba wageni wa muhula wa tatu, hata wale waliokuja kwa jina la maombi, waliweza kuwa njia ya kupitishia mambo ya udanganyifu. Badala ya kukasirika tu, ilitupasa tujiulize: ilikuwaje maombi yakafikia kutiliwa shaka namna hiyo? Labda ni kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumeyafanya kuwa njia ya mkato. Mtu anayenunua karatasi iliyoibwa na mtu anayetaka kalamu iandike yenyewe hawako mbali sana. Wote wawili wanataka mavuno ya shamba ambalo hawakulilima.

Je, basi tusiombe? La hasha! Tuombe sana. Lakini tujue tunaomba nini. Danieli na wenzake watatu walikuwa wanafunzi katika nchi ya ugeni. Walifundishwa miaka mitatu lugha na elimu ya Wakaldayo, na mwishoni walisimamishwa mbele ya mfalme mwenyewe awajaribu. Ulikuwa mtihani wa kutisha kuliko KCSE. Biblia inatueleza kwamba Mungu aliwapa maarifa na ujuzi. Lakini hatusomi kwamba aliwapa kitu cha kushika, wala kwamba aliwaondolea ile miaka mitatu. Aliwabariki ndani ya kusoma kwao. Mwanafunzi anayeomba, "Bwana, nitulize moyo, nikumbushe niliyojifunza, unizuie nisiibe," huyo ameomba vizuri. Anayeomba, "Bwana, nipe nisichokijua," huyo anamjaribu Mungu, kama yule aliyemshauri Bwana wetu ajitupe kutoka juu ya kinara cha hekalu.

Tena baraka za wazazi si uchawi. Kogo akimwita mjukuu wake usiku wa kuamkia mtihani, akampa kibuyu cha mursik, akamwekea mkono kichwani na kumwambia maneno mema, hatuoni ubaya wowote. Anamwambia, "Wewe ni wetu." Mtoto akienda na neno hilo, ameenda na kitu kizuri. Na akishinda, jamaa wakamvika sinendet shingoni, na washangilie pamoja naye. Ubaya unaingia pale anapoambiwa kwamba asipoyanywa yale maziwa atafeli, au kwamba aliyefeli amerogwa na mama mdogo wake. Hapo baraka imegeuka kuwa woga, na nyumba imegawanyika.

Basi, tunajuaje kama tulichokishika ni hirizi ama ni maombi? Usiku wa kuamkia mtihani vyote viwili vinafanana. Vyote vinatuliza moyo. Tofauti huonekana siku ya matokeo. Hirizi haina neno la kumwambia aliyefeli. Mganga atamwambia hukufuata masharti, alipe tena. Kibao cha mbao hakishuki ukutani kumfuata nyumbani. Na kalamu yetu iliyopakwa mafuta haikuwa na neno hata moja kwa kijana yule aliyekaa tu. Hata sisi tulioipaka hatukumfuata. Tulijua jinsi ya kuwaombea watahiniwa wa Oktoba. Hatukuwa na ibada ya watu wa matokeo.

Lakini Bwana wetu anayo. Petro alijaribiwa usiku mmoja, akaulizwa mara tatu, na mara tatu akakosa jibu ambalo alilijua vizuri kuliko watu wote. Je, Bwana alifanya nini? Alimfuata pwani. Aliwasha moto wa makaa, akaoka samaki na mkate, akamwita ale. Kisha akamwuliza tena, mara tatu, swali jingine jepesi na zito kuliko lile la kwanza: kama anampenda. Naye akampa kazi. Ndugu msikilizaji ambaye ulipata D, au ulipata E, au ulikosa C+ ya kukufikisha chuo kikuu ukaona haya kurudi kanisani, moto ule wa pwani uliwashwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Sasa turudi mezani, penye zile kalamu tatu. Msichana alikuwa akingoja. Tulizichukua kalamu, tukazirudisha ndani ya mfuko wake, tukamwambia kwamba hizo ni kalamu tu. Zikiisha wino msimamizi atampa nyingine, na Mungu atakuwa pale pale. Kisha tukamwombea yeye mwenyewe. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Hata bila mafuta, Mchungaji?" Tukamwambia, "Hata bila mafuta."

Tulipotoka kumsindikiza, kaka yake alikuwa bado langoni. Bila shaka mmekwisha kumtambua. Ni yule kijana wa kalamu ya mwaka 2014. Siku hizi hubeba maziwa ya wakulima kwa pikipiki kila asubuhi, na kwa maziwa hayo ndiye aliyemlipia dada yake karo. Tulimwomba msamaha pale pale. Alitazama chini kwa muda, kisha akauliza, "Mchungaji, na sisi tuliokwisha kufeli, tunaombewa lini?"

Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia, "Leo, kama utaingia." Aliegemeza pikipiki yake kwenye mwembe, akaingia, akaketi kwenye kiti kile kile alichokuwa ameketi dada yake. Mama wa nyumba akaleta chai.

Wapenzi wachungaji na wazee wa makanisa, matokeo yatakapotangazwa mwaka huu, msiwaite mbele ya kanisa wale walioshinda peke yao. Nendeni nyumbani kwa wale wengine pia, kabla hawajaanza kujificha. Na ninyi wazazi, neno lenu la kwanza siku hiyo lisiwe juu ya alama.

Tuombe. Ee Bwana, uliye Mungu wa Danieli aliyefaulu na wa Petro aliyeanguka, uwatulize watoto wetu wanaoingia katika mtihani, uwape kukumbuka waliyojifunza na kuchukia wizi. Utusamehe sisi tuliowapa vitu vya kushika badala ya kuwapa wewe. Uwatafute waliokaa tu, wakidhani umekwisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.